Seva iko Kasulu, ufunguo uko Dar

Ushauri mwingi wa usalama wa seva umeandikwa na watu wanaoweza kuifikia seva yao kwa bodaboda. Ushauri huo unapofika mkoa wa Kigoma huwa bado ni sahihi, ila gharama yake imebadilika, na aliyeuandika hakuipigia hesabu. Mfano mzuri ni BMC, kifaa cha kusimamia seva kutoka mbali. Wataalamu wa usalama wengi wakisikia jina hilo husema: zima, au usiiguse kabisa na waya wa mtandao. Mafundi wanaohudumia mikoa ya mbali husema bila hiyo hawawezi kazi. Pande zote mbili zina hoja nzito, na nadhani zote zimelisahau swali moja.

BMC ni kompyuta ndogo iliyowekwa kwenye ubao mkuu wa seva. Ina prosesa yake, kumbukumbu yake, na mara nyingi tundu lake la mtandao. Watengenezaji wa seva wana majina yao: Dell wanaiita iDRAC, HPE wanaiita iLO. Maadamu waya wa umeme umechomekwa, BMC iko macho hata kama seva yenyewe imezimwa. Fundi aliye Dar es Salaam akiingia kwa kivinjari anaona skrini ya seva inavyowaka tangu hatua ya kwanza, anabadilisha mipangilio ya BIOS (programu ya ndani inayoiwasha seva), anasakinisha mfumo endeshi upya, anasoma joto, mwendo wa feni na hali ya pawasaplai. Hapo ndipo inapotofautiana na zana nyingine za kuingia kwenye seva kutoka mbali, kama SSH, Webmin au Cockpit, ambazo zinahitaji mfumo endeshi uwe hai. Zabbix, programu ya kufuatilia hali ya seva, nayo itakuambia seva imekufa, lakini haitaiinua.

Umbali ndio hoja ya kwanza ya wanaoitetea. Reli ya Kati kutoka Dar hadi Kigoma ina takribani kilomita 1,250, na ukifika mjini bado kuna barabara ya Kasulu, Kibondo au Kakonko. Halafu kuna umeme. Kigoma iliishi kwa majenereta ya dizeli miaka mingi kabla ya kuanza kuunganishwa na gridi ya Taifa, na gridi nayo ina siku zake: tarehe 1 Aprili 2024 hitilafu iliangusha umeme karibu nchi nzima. Umeme ukirudi, seva si lazima irudi. Betri ndogo ya ubaoni ikiwa imekwisha, au feni moja ikiwa imekwama, seva nyingi husimama kwenye skrini nyeusi na kungoja mtu abonyeze F1. Hakuna kilichoharibika. Ila kama hakuna anayejua kuwa ni F1 tu, mfumo wa hospitali umelala, wagonjwa wanaandikwa kwenye daftari, na fundi anatafuta tiketi.

Diski nazo husema kabla hazijafa. Kwenye safu ya diski zinazolindana, moja ikifa kazi inaendelea kana kwamba hakuna kitu. Ni taa ndogo ya rangi ya chungwa tu inayowaka, ndani ya chumba kilichofungwa. BMC iliyopangwa vizuri hutuma barua pepe siku hiyohiyo, na diski mpya inapanda basi kabla ya ya pili kufuata. Mahali ambapo kipuri kinasafiri siku kadhaa, onyo la mapema lina thamani kuliko lilivyo Kariakoo.

Tuje upande wa pili, ambao kwa kweli una ushahidi mwingi zaidi. Lugha inayotumiwa na BMC nyingi ni IPMI, iliyotolewa na Intel na wenzake mwaka 1998; toleo la 2.0 ni la 2004. Toleo hilo lina kasoro ya ajabu. Mtu yeyote akiomba kuingia kwa jina la mtumiaji lililopo, BMC humtumia alama iliyotokana na nywila ya mtumiaji huyo kabla ya kuhakikisha yeye ni nani. Anaichukua, anakwenda kuivunja nyumbani kwake bila haraka. Mtafiti Dan Farmer aliiweka hadharani mwaka 2013, na kwa kuwa imo ndani ya kanuni za IPMI zenyewe, hakuna sasisho la kuiondoa. Unachoweza ni nywila ndefu sana na mtandao uliotengwa.

Kisha ikaja kasoro ya iLO 4 mwaka 2017. Kutuma herufi A 29 mfululizo mahali fulani ndani ya ombi la kufungua ukurasa kulitosha kupita bila nywila. HPE walirekebisha mwaka huohuo, lakini sasisho halijipeleki lenyewe. Mwaka 2021 watafiti wa Iran walieleza kirusi walichokiita iLOBleed, kilichojificha ndani ya iLO na kujifanya kimekubali sasisho huku kikilikataa. Ukifuta diski zote na kusakinisha upya, kinabaki palepale. Juni 2025 CISA, shirika la usalama wa mtandao la Marekani, liliingiza dosari ya programu ya MegaRAC, inayotumika kwenye BMC za watengenezaji wengi, katika orodha yake ya dosari ambazo wavamizi tayari wanazitumia.

Sasa fikiria seva za mtumba zinazouzwa Dar na kufungwa mikoani. ProLiant za HPE za kizazi cha nane na cha tisa, zile zenye iLO 4, ni mashine imara na kwa bei yake sioni ubaya wa kuzinunua. Lakini zinakuja na programu ya ndani ya miaka ileile, na nywila ambayo huenda ni ya mmiliki wa kwanza. Seva za Dell za zamani zilitoka kiwandani na jina root na nywila calvin, za Supermicro ADMIN kwa ADMIN, na vyote viko kwenye vitabu vya maelekezo kwa yeyote anayetaka kusoma.

Wanaosema “sisi hatuitumii” pia wasijipe moyo. Kwenye seva nyingi za Supermicro, BMC isipokuta waya kwenye tundu lake hukimbilia tundu la kawaida la seva na kujitafutia anwani kwenye mtandao wa ofisi. Unaweza kuwa nayo hai miaka mitano bila kuiona.

Hata hivyo, ukisoma dosari hizo moja moja, karibu zote zinahitaji kitu kimoja: mvamizi awe na njia ya kuifikia BMC. NSA, shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani, na CISA walipotoa mwongozo wao wa pamoja Juni 2023, mkazo ulikuwa kubadilisha nywila za kiwandani, kuitenga BMC kwenye mtandao wake na kuisasisha. Kwa hiyo “zima” ni tafsiri ya haraka ya ushauri ulio mrefu zaidi. Kinachofanyika mara nyingi, na ambacho sikitetei hata kidogo, ni mzabuni kuomba mlango ufunguliwe kwenye ruta ili BMC ionekane moja kwa moja kwenye intaneti, kwa sababu kutengeneza VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti, kungemchukua mchana mmoja. Ruta za MikroTik zenye RouterOS toleo la 7 zina WireGuard, aina mojawapo ya VPN, ndani yake bila malipo ya ziada. Laini ya simu kwa kawaida haikupi anwani yako ya wazi, inayofikika moja kwa moja kutoka intaneti, lakini hilo si kizuizi; ruta ya Kasulu ndiyo inayopiga kwenda kituo cha VPN, si kituo kuipigia.

Kituo hicho kiwe wapi? Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, intaneti ya Tanzania iliyumba vibaya. Njia ya Kasulu hadi Dar iko nchi kavu. Aliyeweka kituo chake kwenye seva ya kukodi Ulaya kwa kuwa ni rahisi alikuwa amezipeleka data zake baharini na kuzirudisha bila sababu. Na ukinunua faiba ya kampuni moja na laini ya akiba ya nyingine, uliza kama zote mbili hazipandi mkongo uleule. Facebook walijifunza hili tarehe 4 Oktoba 2021: njia yao ya akiba ya kusimamia vifaa ilianguka pamoja na ile kuu, wakalazimika kutuma watu waende wenyewe ndani ya vituo vyao, na huduma ikakosekana takribani saa sita. Kama kampuni ile iliingia mtegoni, ofisi ya wilaya isione haya kuuliza.

Swali lililosahaulika ni la nani mwenye ufunguo. Mara nyingi Afisa TEHAMA wa wilaya hana nywila ya BMC. Anayo mzabuni, na Afisa ameambiwa asiguse. Mkataba ukiingia mgogoro, chombo kile cha kuinua seva kutoka mbali ni hichohicho cha kuizima kutoka mbali. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, taasisi inayokusanya taarifa haivui wajibu wake kwa kuajiri mwingine wa kuzichakata. Wazabuni nao wana jibu, tena zuri: fundi wa wilaya ni mmoja, akipata uhamisho kwenda Dodoma anaondoka na nywila kichwani. Lakini hilo linatibika kwa bahasha iliyofungwa ndani ya kasiki la mhasibu. IPMI yenyewe inatofautisha ngazi za ruhusa: mzabuni apewe ya mwendeshaji, ambayo inatosha kuzima na kuwasha, na ile ya kuongeza au kufuta watumiaji ibaki Kigoma.

Kwa ofisi yenye seva moja na mtu makini wa mapokezi, nakiri BMC inaweza kuwa ya kupita kiasi. Simu na maelekezo ya kubonyeza F1 vinatosha, na soketi inayozimwa kwa SMS inasaidia pale seva inapoganda. Halafu kuna leseni: skrini ya mbali kwenye iDRAC na iLO kwa kawaida hulipiwa zaidi, na zabuni isiyoitaja huleta seva yenye kitufe cha kuwasha na kuzima tu.

Mashine mpya zina Redfish, kanuni ya kuzungumza na BMC badala ya IPMI, iliyotolewa mwaka 2015 na DMTF, chama cha kampuni za teknolojia kinachoweka viwango, na inayopita kwenye HTTPS, njia ileile iliyofichwa inayotumiwa na tovuti. Hapo IPMI ya mtandaoni izimwe kabisa. Seva ya zamani isiyo nayo, na isiyopata tena masasisho, ningeipanga BMC yake itumie tundu lake pekee, kisha ningeuchomoa waya huo na kuufunga kwa utepe kando ya seva. Siku seva isipowaka, Afisa TEHAMA anapiga simu Dar, anauchomeka, na kazi ikiisha anauchomoa.