Shimo jeusi lipo kwenye daftari la kidato cha tano

Nina ugomvi na namna vyombo vyetu vya habari vinavyotangaza mashimo meusi, yale yenye graviti kali kiasi kwamba hata nuru haitoki. "Shimo lenye uzito wa majua bilioni 6.5," halafu twende kwenye michezo. Nani kalipima? Kalipimaje? Aliyelipima kabla yake alipata ngapi? Kimya. Mwanafunzi wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) hapa Arusha anabaki akidhani hesabu hizo ni za watu wa mbali wenye mitambo ya mabilioni, kumbe kanuni yenyewe anayo daftarini, mada ya graviti.

Chukua shimo la katikati ya galaksi yetu, miaka ya nuru kama 27,000 kutoka hapa. Kuna nyota iitwayo S2 inayolizunguka kwa miaka 16 hivi. Timu ya Reinhard Genzel na ya Andrea Ghez ziliifuatilia kwa miaka mingi, na mwaka 2020 wawili hao wakapata nusu ya Nobel ya fizikia. Nusu nyingine ilikwenda kwa Roger Penrose. Sasa shika chaki. Kanuni ni ya Kepler: umbali (ule wa dunia na jua ukiwa moja) kipeo cha tatu, gawanya kwa miaka ya mzunguko kipeo cha pili, unapata uzito kwa majua. Umbali wa wastani wa S2 ni kama mara 1,000 ya ule wa dunia na jua. Kipeo cha tatu cha 1,000 ni bilioni moja. Kipeo cha pili cha 16 ni 256. Gawanya: majua milioni 3.9. Wataalamu, pamoja na vifaa vyao vyote, wanasema karibu milioni 4.3.

Nilipoiandika hiyo ubaoni kwenye tuisheni, Kaloleni, kijana wa nyuma akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo na sisi tumelipima?" Nikamjibu, "Mmelipima, dogo. Kazi ya kukesha tu ndiyo wamefanya wenzenu."

Utamu, hata hivyo, uko kwenye galaksi za jirani, ambako mambo hayanyooki. Galaksi ya M87, yenye lile shimo la bilioni 6.5, iko miaka ya nuru milioni 55 hivi. Huko huwezi kuifuata nyota moja moja. Ni kama kuutazama mji usiku ukiwa juu kwenye miteremko ya Meru: unaona mwanga wa mtaa mzima, taa ya nyumba fulani huioni. Kwa hiyo wanapima mwanga wa nyota nyingi kwa pamoja, waone mistari ya rangi zake imesogea na kutanuka kiasi gani, ndipo wakadirie kasi. Au wanapima gesi inayozunguka kwenye sahani karibu na kitovu.

Njia hizo mbili ziligombana. Nyota, mwaka 2011, zilitoa majua bilioni 6.6. Gesi, mwaka 2013, ikatoa bilioni 3.5. Galaksi ile ile, shimo lile lile, tofauti karibu nusu kwa nusu! Aprili 2019 mtandao wa darubini za redio wa Event Horizon Telescope ukatoa picha ya pete ya mwanga kuzunguka kivuli cha shimo. Ukubwa wa pete unategemea tungamo (huo uzito wa shimo) na umbali, na hesabu ikaja bilioni 6.5, na kosa la bilioni 0.7 juu au chini. Nyota zikapata nguvu.

Kwangu mimi, ugomvi huo una faida darasani kuliko picha yenyewe. Tunawalea watoto kwenye jibu moja: limo kwenye mwongozo wa kusahihisha au halimo. Anayekariri bilioni 6.5 hajajifunza chochote. Anayeweza kueleza kwa nini gesi ilitoa namba ndogo amejifunza fizikia: huenda gesi haikuzunguka kwa duara safi, huenda sahani yake imelala kwa pembe tofauti na waliyoikadiria. Sisi tunaona sehemu tu ya kasi, ile inayotujia au kutukimbia. Iliyobaki tunaijaza kwa kukisia mlalo.

Wenzangu mnaotunga majaribio, basi, acheni kidogo satelaiti inayozunguka dunia, tumeichosha. Mpeni mwanafunzi kasi ya gesi iliyopimwa na umbali wake kutoka kitovu. Atafute tungamo sahani ikiwa imeinama nyuzi 42 (sifuri ni pale inapotutazama uso kwa uso), kisha arudie kwa nyuzi 30. Atakuta la pili ni karibu mara mbili ya la kwanza. Halafu aeleze ni kipimo gani kingine angekidai kabla ya kuchagua. Maki kumi, na sita kati ya hizo ziwe za maelezo.