Si kila dawa ya kukojoza inamaliza potasiamu
Makala niliyosoma inasema dawa za kukojoza wanazopewa wenye presha humaliza potasiamu mwilini, yale madini yanayosaidia moyo na misuli kufanya kazi, ikaishia hapo. Si zote jamani. Mama yangu hapa Arua anameza kidonge kimoja chenye dawa mbili: haidroklorothiazaidi, inayotoa chumvi na maji kwa mkojo, na amiloraidi, inayozuia potasiamu isitoke nayo. Zamani ukimbonyeza mguu kidole kinaacha shimo; siku hizi viatu vinamwingia. Ila hiyo amiloraidi nayo ina makali yake. Figo zikiwa dhaifu, potasiamu hupanda kupita kiasi na mapigo ya moyo yakavurugika, ndiyo maana anapimwa damu. Na ameze asubuhi! Alipojaribu jioni, alikesha njia ya chooni.