Notisi ya Siku 90 Inabebeshwa Lawama Isiyo Yake

Chukua mfano wa kawaida kabisa. Lori la taka la halmashauri linarudi nyuma uchochoroni, linaangusha ukuta wa mita 12. Hakuna aliyeumia. Dereva anashuka, anatazama, anasema "andikeni barua halmashauri", anapanda na kuondoka. Mwenye ukuta akifika kwa wakili, jambo la kwanza analoambiwa ni kwamba leo hawezi kufungua kesi: lazima kwanza atoe notisi ya siku 90. Mjadala wa Sheria ya Mashauri ya Serikali ya Tanzania, Sura ya 5, huanzia hapo na kwa watu wengi huishia hapo hapo. Ukigongwa na daladala unashtaki kesho yake. Ukigongwa na gari lenye namba za STK, SU au SM, yaani la Serikali, shirika la umma au serikali za mitaa, unakaa miezi mitatu ukitazama kalenda.

Ubaguzi huo upo, wala hauhitaji kutafutwa kwa tochi. Lakini ukiipima sheria yote, notisi ndiyo sehemu inayomsaidia mdai kuliko zinazoifuata, na ajabu ni kwamba ndiyo inayotukanwa zaidi.

Kwanza tukumbuke ilichukua nafasi ya kitu gani. Zamani Serikali haikushtakiwa bila kibali cha Waziri. Waziri angeweza kukaa kimya, na kimya chake kikawa hukumu. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ilisema sharti hilo linakiuka Katiba, na mwaka 1994 Bunge likaweka notisi mahali pa kibali. Kibali mtu aliweza kukunyima. Notisi hakuna anayeweza kukunyima: siku 90 zikipita mlango uko wazi, ofisi ipende isipende.

Pili, taasisi yenye idara kumi haijui kwamba ukuta wako umeanguka. Dereva hakusema. Mwanasheria wa halmashauri anaisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza barua inapotoka masijala kuja mezani kwake. Hapo ndipo anaiuliza idara ya usafi gari lipi lilikuwa mtaa huo, nani alikuwa analiendesha, kitabu cha safari kinasema nini. Kitabu hicho kina thamani kuliko mashahidi watatu wa mtaani, kwa sababu Serikali inawajibika kwa uzembe wa mtumishi aliyekuwa kazini. Dereva akidaiwa kwamba siku hiyo alichukua gari kwa shughuli zake binafsi, utetezi wa halmashauri unakuwa umeshapatikana. Kikijaa, kitabu cha safari hutupwa stoo na kingine kuanzishwa. Notisi inayosema wazi "tunzeni kitabu cha safari cha gari namba fulani, cha tarehe fulani" inaziba njia hiyo mapema, tena kwa gharama ya karatasi na nauli tu.

Tatizo ni namna watu wanavyoiandika. Wengi huandika barua ya malalamiko: wameonewa, wanaomba wasaidiwe, wanaamini ofisi ni sikivu. Hiyo siyo notisi. Notisi inasema ni kusudio la kushtaki, inaeleza msingi wa dai (nani alifanya nini, wapi, lini, na kosa lake liko wapi), na inataja unachodai. Inapelekwa kwa ofisi inayodaiwa, kwa halmashauri ni kwa Mkurugenzi, na nakala zake kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Hizo ni ofisi mbili tofauti. Nakala unayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, katika kila ofisi. Bila muhuri, miezi sita baadaye utakuwa unabishana kama barua ilifika, badala ya kubishana nani aliangusha ukuta. Na anayefungua kesi siku ya 85 kwa sababu amechoka kusubiri hufutiwa shauri kwa kuwahi, kisha anaanza upya.

Kiasi nacho kina kanuni zake. Hasara mahususi, yaani fedha iliyotoka mfukoni au itakayotoka, hutajwa kwa tarakimu na kuthibitishwa kipengele kwa kipengele. Ukuta wa mita 12 wenye kimo cha mita 2 ni mita za mraba 24. Kwa tofali za kawaida za saruji, takriban 10 kwa kila mita ya mraba, unazungumzia tofali 240, pamoja na mchanga, saruji, nondo za nguzo na ufundi. Hesabu ya namna hiyo, ikiwa na risiti za EFD (mashine ya kodi) na picha za kifusi kabla hakijazolewa, ina uzito. Karatasi ya daftari aliyoandika fundi "jumla milioni tatu" haina. Kwa aliyeumia, PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi) na karatasi za hospitali zichukuliwe siku ile ile. PF3 iliyoombwa wiki tatu baadaye huzaa maswali ambayo jeraha lenyewe halikuyaleta.

Upande wa pili una hoja mbili nzito, na hapa notisi haiponi. Ya kwanza ni bomoabomoa. Halmashauri inaweza kumpa mtu siku 14 aondoke, wakati sheria inamtaka asubiri siku 90 kabla ya kushtaki. Bulldoza halisubiri. Mawakili wamezoea kukimbilia maombi ya Mareva, yaani zuio la muda la kulinda hali ilivyo wakati notisi inaiva, na Mahakama Kuu imekuwa ikiyakubali baadhi na kuyakataa mengine. Dawa hiyo ipo, lakini ni ya mwenye wakili anayeijua.

Ya pili ni ukomo wa muda, yaani kipindi ambacho kikipita huwezi tena kushtaki. Dai la uzembe lina miaka 3. Lakini fidia kwa jambo lililofanywa kwa mujibu wa sheria iliyoandikwa ina mwaka 1 tu, na ni rahisi kwa Serikali kujenga hoja kwamba kitendo chake kinaangukia hapo. Toa siku 90 kwenye 365: robo ya muda imekwenda kabla hujafungua mdomo mahakamani. Anayehesabu siku hizo kama nyongeza juu ya mwaka anacheza kamari, kwa hiyo notisi iende katika wiki za kwanza. Ningefurahi kuona Bunge likiandika bayana kwamba saa ya ukomo husimama notisi inapopokelewa. Ni sentensi moja tu.

Sasa twende kunakouma kweli. Marekebisho ya mwaka 2020 yalipanua maana ya Serikali ikazijumuisha halmashauri, wakala na mashirika ya umma, na yakaagiza Mwanasheria Mkuu aunganishwe katika kila shauri. Asipounganishwa mwenendo wote unabatilika. Siyo kwamba utatozwa faini au utaambiwa urekebishe ukurasa: unaweza kushinda, ukafika rufaa, ndipo ikaonekana jina moja halikuwamo, na miaka yote ikafutika.

Na mashauri hayo hufunguliwa Mahakama Kuu. Rudi kwenye ukuta wetu. Tuseme thamani yake ni shilingi 2,800,000. Angeuangusha jirani kwa gari lake, dai lingekwenda Mahakama ya Wilaya. Kwa kuwa lori ni la halmashauri, dai la 2,800,000 linapanda hadi kwenye mahakama inayosikiliza kesi za mabilioni, pengine katika mkoa mwingine. Sheria haikulazimishi kuwa na wakili, lakini upande wa pili utakuja na mawakili wa Serikali, na pingamizi la awali lao la kwanza halitahusu ukuta hata kidogo. Ada ya wakili, nauli, kulala mjini, kuahirishwa mara nne: dai linaliwa lote kabla shahidi wa kwanza hajaapa. Kinachomfukuza mwenye ukuta ni umbali na gharama hizo. Siku 90 angezisubiri nyumbani kwake bila kutoa senti.

Halafu kuna malipo. Mali ya Serikali haikamatwi, na tangu 2020 kinga hiyo inayafunika pia mashirika na halmashauri. Sababu yake inaeleweka: hakuna anayetaka dalali wa mahakama aondoke na gari la wagonjwa la wilaya kwa sababu ya deni la ukuta. Lakini sheria ikishaondoa dalali, haikuweka kingine chenye meno. Mshindi hupewa hati inayoonyesha anachodai, huipeleka ofisini, na kujibiwa kwamba kasma, yaani fungu la bajeti, ya malipo hayo haipo.

Kenya ni kipimo kizuri hapa. Wao walikuwa na notisi ya siku 30 katika kifungu cha 13A cha sheria yao ya mashauri ya Serikali. Mwaka 2012 Mahakama Kuu, katika shauri la Kenya Bus Service, ilisema kinazuia haki ya kufika mahakamani. Kizingiti kikaondoka. Kilichobaki ni ukomo wa miezi 12 kwa madai ya madhara, na kifungu cha 21 kinachokataza kukamata mali ya Serikali, ambacho humlazimu mshindi kufungua maombi mengine ya kumwamuru ofisa mhasibu alipe, na akikaidi, mengine tena ya kudharau mahakama. Waliondoa notisi, na foleni ya wanaosubiri kulipwa ikabaki pale pale.

Ndiyo maana mdai wa kiasi kidogo afanye kazi yake kubwa ndani ya zile siku 90. Mwanasheria wa halmashauri mwenye notisi iliyokamilika mezani, yenye picha, vipimo na risiti, anaweza kumshauri Mkurugenzi mlimalize, na kiasi mlichokubaliana kikaombewa fungu. Tarehe nayo ina maana yake, ukomo ukiruhusu. Notisi ikigongwa muhuri masijala mwezi Oktoba, inamkuta mweka hazina bado hajafunga makisio ya mwaka unaoanza 1 Julai. Ikifika Mei, bajeti imeshapita barazani.