Kumbukumbu ya bahari iko Kilwa, tuifundishe

Juzi redioni mgeni mmoja alisema huku kwetu kumbukumbu za tabianchi zilianza wakoloni walipoleta vipimajoto. Mtangazaji akaitikia, wakahamia mada nyingine. Mimi bado imenikaa rohoni.

Kilwa inamkanusha. Sizungumzii magofu ya Kisiwani, hayo UNESCO iliyaorodhesha tangu 1981. Nazungumzia udongo wa mfinyanzi wa bara yake, ule unaonata viatuni mvua ikinyesha. Ulitua chini ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita, kisha ukaja kuwa nchi kavu. Ndiyo maana wanajiolojia kina Paul Pearson wa Uingereza, wakishirikiana na TPDC, shirika letu la petroli, hawakuhitaji meli. Walichoronga ardhini wakatoa mashapo ya bahari, nguzo baada ya nguzo.

Ndani mna foraminifera, viumbe wa seli moja ambao magamba yao mengi hayafiki hata milimita moja. Gamba hujengwa kwa kemia ya maji ya siku zile, kwa hiyo oksijeni iliyomo hueleza joto la bahari. Tatizo ni kwamba kwenye sakafu ya bahari kuu madini ya magamba mengi hujiunda upya taratibu, na ushahidi ukavurugika. Mfinyanzi wa Kilwa haupitishi maji kirahisi, ndiyo maana magamba yake yametoka maangavu kama kioo. Mwaka 2001 magamba ya pwani hii yalisaidia kuonyesha kwamba bahari za tropiki za kale zilikuwa na joto kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 2009 boroni, elementi nyingine iliyomo kwenye magamba hayo, ikaonyesha hewa ukaa ikipungua karibu na wakati barafu kuu ya Antaktika ilipojijenga, kama miaka milioni 34 iliyopita. Habari za barafu ya ncha ya kusini zimesomwa kwenye udongo wa Kilwa! Na hewa hiyohiyo leo tunaipandisha, kwa kasi.

Haya, mitambo ya kupimia iko ng'ambo, na fedha nyingi zilitoka huko. Nakubali, japo inaniuma. Lakini Joyce Singano wa TPDC ni mmoja wa waandishi wa ile makala ya 2001 katika jarida la Nature, na sijawahi kumsikia mwalimu akimtaja darasani.

Kitabu cha jiografia kitenge ukurasa mmoja kwa udongo huu. Na shule za Kilwa zipewe hadubini, maana udongo wenyewe wanao.