Kifungu cha 24

Mwenyekiti wa chama chetu cha mtaa hapa Majengo, Goma, hawezi kumaliza salamu bila kutaja utu. Hata kwenye matanga aliwahi kutuhubiria haki za binadamu mpaka maharage yakaungua. Basi ilipokaribia tarehe 10 Desemba, siku ambayo Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu mwaka 1948, aliamua tuiadhimishe kwa heshima zote, nami, nikiwa katibu, nikapewa kazi ya kuwasomea wageni vifungu vichache na ya kuleta viti vya kukodi kutoka Birere.

Viti tulivipakia kwenye chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, ambacho hubeba makaa, viazi, simiti na, kwa maoni yangu, nusu ya mji huu. Kikielekea ziwani hukimbia chenyewe, lakini kikipanda juu ya mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo huhitaji migongo miwili. Nikavua koti nikasukuma kwa nyuma, huku nikifanya mazoezi ya kusoma kwa sauti. Kijana mwenye chukudu aliniomba nirudie kifungu cha 23, kinachompa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, na hasa cha 24, kinachohusu mapumziko.

"Yaya, hicho cha mwisho kinanihusu mimi kabisa," alisema.

Tulifika tumechelewa, nyuso zimejaa vumbi jeusi. Mwenyekiti, akiwa ndani ya suti, alitupokea langoni.

"Zungukeni nyuma! Wachafu wasipite mbele ya wageni. Na wewe, usinijibu!"

Nilikuwa nimefungua mdomo tu. Akampa kijana nusu ya bei tuliyopatana, akidai kwamba kusukuma si kazi ya kusomea, kisha akawageukia wageni na kuwaomba radhi kwa sababu katibu wake, kama vijana wote wa siku hizi, hakujua thamani ya saa.

Kijana hakubishana. Alichagua kiti kizuri kuliko vyote, akakiweka chini ya turubai la shitingi katikati ya padri na chefu wa avenyu, yaani kiongozi wa barabara yetu, akaketi na kukunja nne.

"Wewe! Unafanya nini hapo?"

"Kifungu cha 24, papa. Ninapumzika."

"Nani amekufundisha hayo?"

Kijana akaninyoshea kidole, nami nilikuwa bado nimebeba viti kichwani. Mama mweka hazina akaniangalia vizuri, akauliza kwa sauti iliyofika barabarani: "Papa Mwenyekiti, huyu uliyemfukuza si katibu wetu?"

Mwenyekiti alinyamaza kidogo sana, kwa maana ule ulimi wake haujawahi kukosa njia, akatangaza kwamba wageni wamejionea mchezo wa kuigiza uliotayarishwa na chama ili kuwaonyesha jinsi wanyonge wanavyonyanyaswa. Wageni wakapiga makofi. Kijana naye akapiga makofi, tena kwa bidii, ila hakuinuka.

"Mchezo ni mzuri, papa. Sasa tuigize kifungu cha 23."

Mbele ya padri hapakuwa na pa kukimbilia. Faranga zilitoka mfukoni moja moja, kijana akazihesabu mara mbili, akasimama, akampa mwenyekiti mkono kwa adabu.

"Jioni nitavirudisha Birere kwa bei ileile, lakini nitalipwa kwanza. Na katibu asukume, anasoma vizuri."