Kinyozi wangu ananidai Hasheem Thabeet

Jumamosi iliyopita kinyozi wangu hapa Memphis alizima mashine kichwa kikiwa nusu. Nanyoa kwake tangu mwaka juzi, na siku zote nikiulizwa kwetu najibu "Afrika Mashariki", basi. Siku hiyo sijui nilitumwa na nini, nikataja Dar es Salaam. Mzee akanizungusha na kiti mpaka tukatazamana.

"Kumbe ni ninyi," akasema. "Ninyi ndio mliotuletea Thabeet."

Hasheem Thabeet, Mtanzania ambaye timu ya kikapu ya Memphis ilimchukua 2009, siku timu za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu. Saluni nzima ikacheka. Dogo wa kiti cha pembeni, ambaye 2009 kama alishazaliwa basi alikuwa ananyonya, akadakia wastani wake kwa mechi: pointi 2.2, ribaundi (mipira iliyokosa kuingia akaidaka) 2.7. Kwa kichwa! Mwingine akanikumbusha kwamba baada tu ya Hasheem aliitwa James Harden, na wa saba akawa Stephen Curry, wote wakaja kuwa mastaa wakubwa. Utadhani Mtanzania anaweza kusahau orodha hiyo. Tunasimangwa nayo zaidi ya miaka 15 sasa.

Niliumia, sitaficha. Usiku ule wa Juni 2009 David Stern, bosi wa NBA wakati ule, anamwita jina kule New York, Dar ni usiku wa manane, na mimi nilikuwa sebuleni kwa jirani mwenye dishi. Tulikumbatiana wanaume wazima na vipensi vyetu vya kulalia. Mtoto wa Dar, futi 7 na inchi 3, wa pili kuchaguliwa, mbele yake Blake Griffin tu! Na hakubebwa na urefu peke yake. Pale Chuo Kikuu cha Connecticut alikuwa mlinzi bora wa Big East, ligi ya vyuo, mara mbili mfululizo, 2008 na 2009. Kuna mechi na Providence alipata pointi 15, ribaundi 11, na mipira 10 akairudisha ilikotoka.

Basi nikamjibu mzee. "Shane Battier, yule mchezaji wenu wa zamani, mlimpataje tena 2011?"

Akanyamaza. Anajua. Februari mwaka ule Memphis walimpeleka Hasheem Houston, na Battier akarudi upande huu. Miezi miwili baadaye, mechi ya kwanza ya mtoano kule San Antonio, zimebaki sekunde ishirini na kitu, ni Battier aliyetupia ile ya pointi 3. Memphis walikuwa hawajawahi kushinda hata mechi moja ya mtoano tangu timu izaliwe. Wakashinda ile, kisha wakawatoa kabisa San Antonio, wa nane kwenye msimamo akamtoa wa kwanza.

"Kwa hiyo tumelipana," nikasema.

Mzee akawasha mashine. "Umelipa Harden," akasema. "Bado Curry."

Nilitoka pale kifua mbele. Lakini nimeingia kwenye gari tu, hasira nyingine ikaja, na hii haiwahusu wao.

Inatuhusu sisi. Yule dogo anaijua kazi ya Hasheem mpaka nukta ya desimali. Mechi 224 za NBA, kuanzia Memphis, Houston, Portland mpaka Oklahoma City ilipoishia 2014, kila moja imeandikwa: dakika alizocheza, faulo, mipira aliyokosa. Hata aibu wameiandika. Februari 2010 alipopelekwa ligi ndogo, Dakota Wizards, wakaandika kwamba hajawahi kushushwa mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho. Ukatili? Ndiyo. Lakini Battier nilimpata kwenye maandishi hayohayo.

Sasa nionesheni ya kaka yangu.

Kaka alicheza senta ligi ya Dar miaka ya tisini. Wanaojua kikapu wa umri wangu, nikiwatajia jina watasema "aah, yule mrefu wa Ilala!" Wanamkumbuka. Ila alifunga ngapi? Alizuia mangapi? Mara ya mwisho niliporudi nyumbani nilitafuta. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja aliyekuwa akikaa meza ya waamuzi, akaniambia madaftari yalikuwa uvunguni kwake, mvua ikaingia, mengine watoto walichorea. Kesho yake nimekaa barazani kwa mama, nanunuliwa maandazi, karatasi iliyofungia ina mistari na namba za jezi. Karatasi ya meza ya kikapu! Majina ya timu yamelowa mafuta, hayasomeki. Namba 11 alikuwa na faulo 4. Nani huyo namba 11, Mungu ndiye ajuaye. Nilikula maandazi, karatasi nikaikunja nikaitia kwenye pasipoti. Ninayo mpaka leo.

Najua mnachotaka kusema. "Mbeba maboksi kaenda juzi tu, leo anatufundisha." Ndiyo, nabeba maboksi, zamu ya usiku, na mgongo unajua. Sijasema huku ni peponi. Huku mtu akikuuliza hali yako anaendelea kutembea, na dagaa natumiwa na dada kwenye mzigo wa watu. Nimesema kitu kimoja: hawa wanaandika.

Na wewe unayesema hata sisi tunaweka kumbukumbu, kwamba niulize shabiki yeyote wa Simba kuhusu 6-0 ya 1977 na mabao matatu ya Kibadeni, nakubali. Yanga naye atakujibu kwa 5-1 ya 2023 kabla hujameza mate. Hizo tunazitunza maana ni za kutaniana. Mchezo usio na mtani nani anautunza? Usiniambie pia habari ya umaskini. Daftari la kaunta buku ni bei gani? Duka la Mpemba pale mtaani kwetu lina madeni ya 1998, ukurasa kwa ukurasa, na jina langu limo.

Halafu sisi wenyewe tunamgeukia Hasheem: mbona hakujenga viwanja, mbona hakuinua vijana. Wabongo bwana. Aliyebaki bila hata karatasi hatumdai kitu, aliyefika tunamfungulia kesi.

Jana nikampigia kaka. Nikamwambia nataka kuandika mwenyewe, hata kwa mkono, tuanze na ile mechi ya kufunga msimu Uwanja wa Ndani, ile aliyobebwa juu juu. Ulifunga ngapi, kaka?

"Thelathini na nne," akasema, bila kusita.

Nilipokuwa kidato cha pili zilikuwa ishirini na sita.