Si Kwamba Sisi Ni Wema Kuliko Wao

Kuna sala ambayo karibu kila Mkristo wa kwetu anaijua bila kufundishwa. Mtu anaombwa afungue kikao, anafumba macho, na maneno yanatoka yenyewe: Baba tunakushukuru kwa kutuamsha salama, wengi walitamani kuiona siku ya leo lakini hawakuiona, wengine wako mahospitalini, wengine mahabusu, si kwamba sisi ni wema kuliko wao, bali ni kwa neema yako tu. Nimeisikia kwenye harusi, kwenye vikao vya vikoba, kwenye mahafali, hata ndani ya basi la alfajiri kabla halijatoka stendi. Nimeisali mwenyewe miaka na miaka.

Jumatano moja jioni jumuiya yetu ilikutana kwa mama mmoja ambaye alikuwa amemzika mwanawe wiki tatu kabla. Kijana wa miaka 19. Picha yake ilikuwa juu ya kabati, ile ile iliyobebwa mbele ya jeneza, na utepe mweusi ulikuwa bado kwenye kona ya fremu. Nikaombwa nifungue kwa sala, nikafungua kama nilivyozoea. Nilipofika pale pa "wengi walitamani kuiona siku ya leo lakini hawakuiona", nikasikia pumzi ya yule mama ikikatika. Alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka kwangu. Sikunyamaza. Nilimalizia, watu wakaitikia amina, tukaimba, tukasoma neno. Nilipofika nyumbani ndipo niliposikia sawasawa nilichokuwa nimekisema, na nilikuwa nimekisemea sebuleni kwa nani.

Tangu siku hiyo nimeitafakari sana sala hii, na siwezi kuitupa yote. Nusu yake ya pili ina uzito. Katika Luka 13 Yesu anawauliza watu kuhusu wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu: mnadhani walikuwa wakosaji kuliko watu wengine wote waliokaa Yerusalemu? Anajibu mwenyewe kwamba sivyo. Tunaposema "si kwamba sisi ni wema kuliko wao" tunasema jambo lile lile, na ni jambo zito kulikiri. Linamnyima mzima kiburi cha uzima wake.

Nusu ya kwanza ndiyo inayonisumbua. Kwa nini ili nimshukuru Mungu kwa kuamka, lazima kwanza nimtaje ambaye hakuamka?

Rudi kwa Mfarisayo wa Luka 18. Tumezoea kumsema kama mtu wa majivuno, tukasahau kwamba sala yake ni ya shukrani. Haombi kitu hata kimoja. Anaanza na "Ee Mungu, nakushukuru". Wala hasemi uongo: anafunga mara mbili kwa juma, wakati torati ilidai siku moja tu ya kufunga kwa mwaka, ile Siku ya Upatanisho. Anatoa zaka ya mapato yake yote. Mtu kama huyo leo tungemfanya mzee wa kanisa bila kupiga kura. Lakini katikati ya sala anageuza jicho kumtazama mwenzake, "wala kama huyu mtoza ushuru", na hapo shukrani yote inaoza. Ilihitaji mtu wa kusimama chini yake ndipo isimame. Yule mwingine, kule nyuma, hana wa kujipima naye. Anajipiga kifua na kusema "uniwie radhi mimi mwenye dhambi". Niwie radhi: ndiyo maneno tunayomwambia mtu tuliyemkanyaga mguu kwenye daladala.

Halafu mtazame yule Msamaria, mmoja wa wakoma kumi. Anarudi akimtukuza Mungu kwa sauti kuu, anaanguka kifudifudi miguuni pa Yesu, anashukuru. Ni Yesu anayeuliza wale kenda wako wapi. Msamaria mwenyewe hawataji kabisa. Angeweza kusema "mimi nimerudi, wenzangu wamepitiliza", na ingekuwa kweli tupu. Hakusema. Nimeisoma habari hiyo tangu Shule ya Jumapili na sikuwahi kuliona hilo.

Nikilinganisha na ushuhuda tunaoutoa siku hizi, moyo unaniuma. Waliosema sitajenga, leo wanapita mbele ya geti langu. Waliosema sitaolewa, waje waone. Zaburi ya 23 nayo ina meza iliyoandaliwa machoni pa watesi, najua, na mtu aliyedharauliwa kweli ana haki ya kulisema hilo mbele za Mungu. Ila zaburi imewapa watesi nafasi mara moja, katika mstari wa tano, ikaendelea na mafuta na kikombe. Sisi tunawapa watesi ushuhuda mzima, Mungu tunamkumbuka mwishoni tukirudisha maikrofoni.

Kumbukumbu la Torati 26 ina njia nyingine. Mkulima analeta kikapu cha malimbuko, na kabla ya kushukuru anatakiwa aseme ametoka wapi: baba yake alikuwa Mwarami karibu na kupotea, wakawa watumwa Misri, wakalia. Anajipima na jana yake mwenyewe. Mlawi na mgeni wanaingia baadaye, wakati wa kufurahia vile vyema pamoja naye. Siku hizi nikiombwa kufungua kikao najaribu kusali hivyo. Nataja nilichopewa na aliyenipa, nanyamaza.

Wiki mbili baada ya jioni ile nilirudi kwa yule mama, safari hii na mke wangu. Nilimwambia, "Mama, niwie radhi kwa sala ile niliyoomba hapa." Alinitazama kidogo, akasema, "Yameisha, mwanangu. Hata mimi nilikuwa naomba hivyo hivyo, mpaka yaliponikuta." Akaleta chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha, akanitaka nibariki chakula. Nikamwomba abariki yeye.

Aliinamisha kichwa, akakaa kimya kwa muda mpaka mvuke wa chai ukapungua. Kisha akasema, "Baba, asante kwa miaka 19. Asante kwa wageni. Utupe leo riziki yetu. Amina."

Akavuta sahani ya mihogo karibu na sisi.